Majeruhi Njiani na Macho ya Mpita Njia

Swali

Mtu atazama picha ya mwenzake aliyejeruhiwa. Moyo wake wauma, na machozi yamtoka. Kisha aiacha ile picha, arudi nyumbani kwake, ala chakula chake na kulala usingizi. Je, mtu huyo ametenda jema? Au hakutenda neno lo lote? Na kama asingelia hata kidogo, je, angekuwa na kosa?

Swali hili laonekana dogo, lakini si dogo. Kila mwaka, wakati wa Kwaresima, wakatekumeni hupita pamoja na Wakristu mbele ya picha kumi na nne za Njia ya Msalaba. Humwona Bwana wetu Yezu Kristu akianguka chini ya mzigo, akivuliwa nguo, akipigiliwa misumari. Wengine huugua moyoni, na wengine hulia kweli. Nao wanapotoka, pengine karibu na mlango wa kapela ameketi mtu mwenye kidonda mguuni, ambaye kila mmoja amfahamu, na ambaye hakuna amsalimuye. Ikiwa macho yaliyolia ndani hayaoni kitu nje, machozi yale yalikuwa ya nini?

Ili kulichungua swali hili vizuri, yafaa kuitazama picha moja ya nchi ya mbali, na pamoja nayo watu wawili waliokuwa rafiki. Mmoja aliichora picha hiyo. Mwingine mwenyewe alikuwa majeruhi wa vita ile ile.

Picha na nyakati zake

Polonia ni nchi ya Ulaya, na ukristu uliingia kwa watawala wake mwaka 966. Mwishoni mwa karne ya 18 falme tatu za jirani, Urusi, Prusia na Austria, ziligawana nchi hiyo mara tatu, yaani mwaka 1772, mwaka 1793 na mwaka 1795, hata haikubaki sehemu yenye serikali yake. Tangu hapo mpaka mwaka 1918 Wapolonia walikaa chini ya mabwana wa kigeni.

Tarehe 22 Januari 1863 katika sehemu iliyotawaliwa na Urusi watu waliasi. Hawakuwa na jeshi la kawaida. Wengi wao walikuwa vijana wa shule, mafundi wa miji, watoto wa mabwana wa mashamba, na wanakijiji kadha wa kadha. Baadhi walikuwa na bunduki za kuwindia. Wengine walishika miundu mirefu ya kukatia majani, iliyofungwa wima juu ya mpini. Walijificha msituni, wakapigana na jeshi kubwa kuliko wao. Mwaka 1864 uasi ule ukazimwa. Viongozi walinyongwa, na watu maelfu walipelekwa Siberia, nchi ya baridi kali.

Mmoja wa hao waliopelekwa alikuwa baba yake Stanisław Witkiewicz. Stanisław alizaliwa mwaka 1851 katika nchi ya Lituania, na wakati wa uasi alikuwa bado mtoto. Aliufuata mkosi wa baba yake mpaka mji wa Tomsk, kule Siberia, pamoja na jamaa yake yote. Hakuwa amechukua silaha, wala hakupigwa risasi. Lakini jeraha la vita liliingia nyumbani mwao kwa mlango huo. Alipokuwa mtu mzima alijifunza uchoraji, akakaa pia katika mji wa München, Ujerumani, pamoja na vijana wengine wa Polonia waliojifunza kazi hiyo. Mwaka 1881 alichora picha kwa rangi za mafuta, ambayo leo yawekwa katika Makumbusho ya Taifa ya mji wa Warszawa. Jina lake kwa lugha ya kwao ni *Ranny powstaniec*, maana yake mwasi aliyejeruhiwa.

Yafaa kulifikiri jina hilo. Halimtaji jemadari. Halitaji vita fulani wala mahali fulani. Halimtaji hata yule majeruhi mwenyewe: hana jina la ukoo, hana cheo, hana sifa. Ni mwasi, na amejeruhiwa, basi. Mchoraji angeweza kuchagua saa ya ushindi, maana hata katika vita iliyoshindwa haikosi siku moja ya kushangilia. Yeye alichagua saa ile ambayo mtu hana tena nguvu ya kujisaidia.

Witkiewicz hakuwa mchoraji tu, alikuwa pia mwandishi aliyetetea fikira zake kwa bidii. Siku zile watu wengi waliona kwamba picha kubwa ni ile yenye jambo kubwa ndani yake, kama mfalme, au jemadari juu ya farasi, au vita maarufu. Yeye alikataa. Alifundisha kwamba thamani ya picha haitoki katika ukubwa wa jambo lililochorwa, bali katika ukweli na ustadi wa kuchora. Hata msichana wa shamba anayekusanya mizizi yake anaweza kuchorwa kwa heshima sawa na jemadari. Wachoraji wa namna hiyo walitaka kuonyesha vitu kama vilivyo: matope yawe matope, na baridi iwe baridi, na jeraha liwe jeraha.

Jambo hilo lahusu pia Amri ya nane ya Mungu. Kuna uongo wa maneno, na kuna uongo wa picha. Anayechora vita kana kwamba ni ngoma ya sikukuu, yenye nguo safi na nyuso za furaha, adanganya vijana, na pengine awapeleka kufa. Anayechora majeruhi kama alivyo asema kweli, hata asipofungua kinywa. Kwa hiyo kazi ya mchoraji mwaminifu ni kazi njema mbele ya Mungu. Lakini swali labaki: yule anayeitazama kazi hiyo, yeye atakiwa afanye nini?

Je, yafaa kuuliza kwanza ni mtu wa nani?

Kabla ya kulijibu swali hilo, kuna swali jingine lililo mbele yake. Mtu akimkuta majeruhi njiani, je, yampasa kuuliza kwanza: Huyu ni wa upande gani? Alipigana kwa haki au kwa uovu?

Katika Polonia ya mwaka 1863 swali hilo halikuwa mchezo. Kwa mamia ya miaka wanakijiji walikuwa wamelima mashamba ya mabwana pasipo mshahara. Waasi wengi walikuwa wana wa mabwana hao. Ni kweli kwamba siku ile ya kwanza ya uasi viongozi wao walitangaza kuwapa wanakijiji ardhi waliyoilima. Lakini mtu aliyedanganywa mara nyingi hasadiki upesi. Tena mfalme wa Urusi naye alitoa amri yake tarehe 2 Machi 1864, akawapa wanakijiji ardhi, ili wasiwafuate waasi. Basi wanakijiji wengine walijiunga na waasi, wengine waliwaficha na kuwalisha, wengine waliwakamata na kuwatia mikononi mwa askari.

Mwanakijiji aliyemkuta mwasi chini, damu ikimtoka, hakuwa na neno moja moyoni, alikuwa na mengi. Chuki ilimwambia: Baba yake huyu alimpiga baba yako. Woga ukamwambia: Askari wakimkuta kwako, watakupata na neno. Tamaa ikamwambia: Viatu vyake ni vizuri, na yeye havimfai tena.

Mwandishi mmoja Mpolonia, Stefan Żeromski, alitoa mwaka 1895 hadithi ya mwanakijiji wa namna hiyo. Mtu huyo amkuta mwasi amekwisha kuuawa na askari. Amvua nguo na viatu, achukua vyombo na ngozi za farasi, kisha apiga magoti na kumshukuru Mungu kwa mali ile aliyompatia. Hadithi hiyo ni chungu, na wakatekumeni wafaa kuikumbuka. Maana mtu yule hakuacha kusali. Alisali kwa moyo wake wote. Lakini sala haiufanyi uovu kuwa wema, na shukrani haisafishi kitu kilichoibwa. Na mwandishi hakumlaumu maskini yule peke yake. Alionyesha kwamba giza lake lilipandwa na wale waliomtumikisha miaka mingi pasipo kumfundisha wala kumhurumia. Mpanda miiba asitumaini kutembea pekupeku.

Basi jibu ni lipi? Bwana wetu alilitoa mwenyewe, mtaalamu wa Sheria alipomwuliza jirani ni nani. Mtu wa Yeruzalemu aliyeangukiwa na wanyang'anyi hakuulizwa kabila lake na yule Msamaria. Wayahudi na Wasamaria hawakupatana. Walikuwa na kesi ya zamani kati yao. Msamaria hakuisahau kesi hiyo, lakini aliiweka kando, kwa sababu kesi yaweza kungoja, na damu haiwezi.

Hapa wengine hukosea kwa njia nyingine. Husema: Kama sharti nimsaidie adui yangu, basi haki yangu imekufa. Sivyo. Mapendo hayaiui haki. Bwana aliyewatumikisha watu bila mshahara ana deni, na jeraha lake haliwezi kulifuta deni hilo. Akipona, yampasa kulipa. Na aliyedhulumiwa ana ruhusa ya kudai mbele ya wazee au mbele ya mwamuzi. Lakini haki hudaiwa kwa mtu aliye hai, anayeweza kusikia na kujibu. Kumwacha afe njiani si kudai haki, ni kulipiza kisasi, na kisasi Mungu amejiwekea mwenyewe.

Na woga je? Hapo Eklezia haimtwiki mtu mzigo usiochukulika. Baba mwenye watoto, aliyetishiwa kuchomewa nyumba, hadaiwi sawa na mtu aliye huru. Lakini mara nyingi woga huwa mkubwa kuliko hatari yenyewe. Asiyeweza kumficha majeruhi nyumbani pengine aweza kumpa maji. Asiyeweza kumpa maji mchana pengine aweza usiku. Asiyeweza lo lote aweza angalau kukaa kimya, asiende kumwuza. Mungu hamwulizi mtu aliyoyashindwa; amwuliza aliyoyaweza akayaacha.

Je, kutazama kwatosha?

Sasa lirudiwe swali la kwanza. Katika mfano ule wa njia ya Yeriko kuna neno dogo ambalo wasomaji wengi hulipita. Injili haisemi kwamba kuhani na Mlawi hawakumwona majeruhi. Walimwona. Wote watatu walimwona: kuhani, na Mlawi, na Msamaria. Macho yao yalikuwa sawa. Basi tofauti haikuwa katika kuona, ilikuwa katika lile lililofuata baada ya kuona.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Eklezia aliyefariki mwaka 1274, afundisha jambo hili kwa kumfuata Mtakatifu Agustino. Huruma, asema, ni kuumia moyo kwa ajili ya taabu ya mwingine, na maumivu hayo yatusukuma kumsaidia ikiwa twaweza. Na tena aeleza kwamba kuna huruma iliyo mwendo wa mwili na hisia tu, na kuna huruma iliyo fadhila, yaani ile inayoongozwa na akili na kutendwa kwa hiari. Ile ya kwanza huja yenyewe, kama machozi mbele ya moshi. Mtu hasifiwi kwa hiyo, wala halaumiwi akiikosa. Wengine wana mioyo myepesi, wengine wana mioyo mizito. Ile ya pili yatakiwa kwa kila mtu, hata kwa yule asiyelia.

Kwa hiyo aliyelia mbele ya picha hajatenda bado jema wala baya. Amepewa mbegu. Mbegu si uovu, lakini pia si chakula. Akiipanda, itazaa; akiiweka mfukoni, itaoza. Tena iko hatari: mtu aweza kuzoea kulia pasipo kutenda, hata akajisifu kwa machozi yake na kujiona mwenye moyo mwema. Siku hizi picha za watu waliojeruhiwa vitani huingia katika simu hata za vijijini. Mtu azitazama kumi kwa siku, mara ya kwanza ashtuka, mara ya pili asikitika, mara ya tatu ampelekea mwenzake kama habari ya kuchekesha baraza. Jicho lililoona sana pasipo mkono kutenda huota gamba.

Rafiki wa mchoraji

Witkiewicz alikuwa na rafiki, Adam Chmielowski, naye mchoraji. Walikuwa pamoja München, na baada ya mwaka 1874 walishirikiana na wachoraji wengine chumba kimoja cha kazi katika mji wa Warszawa. Adam alizaliwa tarehe 20 Agosti 1845, karibu na mji wa Kraków, akafiwa na baba na mama angali kijana. Uasi wa mwaka 1863 ulipoanza alikuwa mwanafunzi wa umri wa miaka 17, akauingia pamoja na wenzake. Tarehe 30 Septemba mwaka ule ule, katika mapigano ya Mełchów, alijeruhiwa vibaya mguu wa kushoto, akatekwa na askari wa Urusi, na mguu ukakatwa. Tangu siku ile alitembea kwa mguu wa bandia mpaka kufa kwake. Basi lile ambalo rafiki yake alilichora kwa rangi, yeye alilibeba katika mwili wake.

Adam aliipenda sana kazi ya kuchora, na watu walimsifu. Lakini ndani yake alisumbuliwa na swali lile lile: Mtu aweza kuutumikia uzuri, na kumtumikia Mungu pia? Karibu na mwaka 1879 alianza kumchora Bwana Yezu katika saa ile Pilato alipomtoa nje mbele ya makutano, amepigwa mijeledi, amevikwa miiba na joho jekundu. Picha hiyo yaitwa *Ecce Homo*. Aliichora, akaiacha, akairudia kwa miaka, wala hakuimaliza kabisa.

Mwaka 1880 aliingia novisiati ya Wayezuiti. Baada ya miezi michache giza kubwa lilimwangukia rohoni: alijiona amepotea, hastahili, amekwisha kuhukumiwa. Mwezi wa Aprili 1881 alitoka, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na mji wa Lwów. Mwaka huo huo, rafiki yake akimchora mwasi aliyejeruhiwa, Adam alikuwa amelala na jeraha jingine lisilotoka damu. Jambo hili wakatekumeni wasilisahau: yuko mtu mwenye miguu mizima na nguo nzuri ambaye rohoni ni majeruhi kama yule wa njia ya Yeriko. Asitukanwe, asichekwe, asiambiwe ana pepo pasipo sababu. Aangaliwe kwa subira. Adam aliangaliwa nyumbani kwa ndugu yake, na polepole amani ikamrudia.

Alipopona alijiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, na mwaka 1884 akahamia Kraków. Huko palikuwa na nyumba ya mji ambamo watu wasio na makao waliingia wakati wa baridi ili wasife nje. Ilikuwa mahali pa uchafu, pa wizi, pa ulevi na pa ugomvi, watu wamesongana usiku kucha. Adam aliingia, akaona. Angeweza kutoka na kuchora picha ya taabu ile, nayo ingekuwa picha ya kweli, na watu wangelia mbele yake. Yeye alifikiri njia nyingine. Tarehe 25 Agosti 1887 alivaa kanzu ya kijivu ya kitambaa kigumu, akaitwa Bruda Albert. Mwaka uliofuata aliweka nadhiri, na mwezi wa Desemba 1888 akapokea ulinzi wa nyumba ile kwa mapatano na wakuu wa mji. Akahamia humo pamoja na wale maskini, akala walichokula, akawatafutia kazi za mikono ili wapate mkate wao kwa heshima. Picha zake akaziuza kwa ajili yao. Wanaume walimfuata, na tangu mwaka 1891 wanawake pia, ndio Mabruda na Masista Waalbertini walioko mpaka leo.

Alifundisha kwamba mtu awe mwema kama mkate uliowekwa mezani, ambao kila mwenye njaa aweza kujikatia kipande. Hakuuliza kwanza kama mwenye njaa ni mstahili. Wengi katika nyumba ile walikuwa wezi kweli, na walevi kweli. Aliwaonya na kuwashika kwa taratibu. Lakini kwanza mkate, kisha onyo. Alifariki Kraków siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba 1916. Papa Yohane Paulo wa Pili, naye Mpolonia, alimtangaza mwenyeheri mwaka 1983 na mtakatifu tarehe 12 Novemba 1989.

Ile picha ya *Ecce Homo* yawekwa leo katika kanisa la Masista wake, Kraków, haijamalizika vile vile. Mtu aweza kusema kwamba Bruda Albert aliimaliza mahali pengine. Uso aliouchora miaka mingi kwa brashi aliukuta katika nyumba ya maskini, ukiwa mchafu, umevimba, unanuka pombe; naye akautambua. Maana Bwana wetu alisema wazi jinsi atakavyohukumu siku ya mwisho: alilotendewa mdogo, alitendewa yeye, na alilonyimwa mdogo, alinyimwa yeye.

Je, uchoraji ulikuwa kosa?

Mtu aweza kusema sasa: Basi Witkiewicz alikosa, kwa kuwa alibaki na brashi yake, na Adam alipata, kwa kuwa aliiacha. Fikira hiyo si sawa. Mungu hawaiti watu wote kwa njia moja. Huyu aitwa aache kazi yake. Yule aitwa aifanye kwa uaminifu. Kama hakuna aonyeshaye jeraha, wengi hupita wasijue kwamba lipo. Tena ni nani ajuaye kama Adam angeutambua uso wa Bwana katika maskini, asingalijifunza kwanza kuutazama kwa miaka, mstari kwa mstari, mbele ya kitambaa? Mchoraji amfundisha mwenzake kusimama na kutazama polepole, na mtu asiyejua kusimama hawezi kuinama.

Kosa haliko katika jicho, liko katika kumfunga jicho asiushtue mkono. Jicho ni mlango wa mapendo, nalo ni jema. Lakini mtu hakai mlangoni siku zote. Aingie ndani.

Azimio la mkatekumeni

Mkatekumeni anayejiandaa kwa Ubatizo ajiulize mambo matatu jioni, kabla ya kulala. La kwanza: Leo macho yangu yalimwona nani mwenye taabu? Pengine alikuwa jirani, pengine mjane, pengine mtu wa ukoo uliogombana na ukoo wake. La pili: Nilisimama, au nilipita upande wa pili wa njia nikijisingizia haraka? La tatu: Mkono wangu ulifanya nini? Si lazima kuwe kubwa. Kuni moja, kibuyu cha maji, kumpeleka zahanati, kukaa naye nusu saa, kuacha kurudia habari mbaya zake; hayo yote ni matendo ya huruma.

Na wakati wa Njia ya Msalaba, akilia, asiyaonee haya machozi yake. Akiwa hawezi kulia, asihuzunike. Lakini atakapotoka kapelani, asiende mbio. Asimame kwanza mlangoni, atazame huku na huku kama mtu anayemtafuta mwenzake aliyemwacha ndani. Maana pengine yule aliyemwona ukutani amemtangulia nje, ameketi kivulini na kidonda chake, angoja kusalimiwa.